Ukanda Uliofupishwa

Mtoni kwetu hakuna mwanamke anayejitwika maji peke yake. Unachimba mchanga mpaka maji yachuruzike, unajaza mtungi kwa kata, unaufunga ukanda wako, unachuchumaa ukiupa mzigo mgongo, kisha unamwambia aliye karibu, "Nitwike." Haijalishi kama mlikosana wiki iliyopita juu ya mbuzi aliyeingia shambani. Atakuja, atakuwekea ukanda kwenye paji la uso, atashika mzigo kutoka nyuma na kukuinua. Wewe utapanda kingo umeinama, mikono huru, ukisuka kiondo huku unatembea. Kukataa kumtwika mwenzako ni kama kumnyima jirani kijinga cha moto. Haifanyiki.

Mama yangu alikuwa anakataa.

Hakukataa kwa maneno makali. Aliamka tu mapema kuliko wenzake, akamaliza kuteka kabla hawajafika. Akikutwa bado yuko pale na mtu akamwomba, mgongo ulimuuma ghafla, au aliona mbuzi wake wamepotelea mbali akakimbia. Wanawake wa upande wetu wa Mutomo walisema ana madharau. Wengine walisema mkono wake ni mbaya, na hao ndio waliokuwa wanatafuta kuumiza. Baadaye alinunua punda. Punda huyo alitwikwa kila siku ya Mungu, madebe huku na huku, akibembelezwa na kuambiwa pole. Mimi binti yake sikutwikwa hata mara moja. Nilijifunza kuweka mtungi juu ya mwamba, nikaketi mbele yake, nikavaa ukanda, nikainuka kama ng'ombe, matako kwanza. Wasichana wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilikuwa mtoto mwenye hasira, na sijabadilika sana. Nilimkasirikia mama kwa jambo lile miaka yote ya kukua kwangu, ingawa sababu yake niliijua. Kila mtu aliijua.

Ilikuwa miaka ya sitini, sijaanza shule. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike, mama yangu mdogo, hajaolewa, mcheshi, ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Ninachokumbuka mwenyewe ni kidogo: alinibeba mabegani na alinuka katani mbichi. Siku hiyo walienda mtoni wawili. Mama alimfungia mtungi, akamtwika. Mama mdogo akaanza kupanda kingo, na kabla hajafika juu akapiga kelele moja, akashika kichwa, akaanguka. Mtungi ukapasuka. Walimleta nyumbani juu ya machela ya matawi. Hakufungua macho tena, na jua lilipozama alikuwa ametutoka.

Wazee walikaa wakasema ni ukanda. Ulifungwa mfupi mno, ukambana mshipa wa paji mpaka ukakatika kwa ndani. Nani angebisha? Kila mwanamke wa Ukambani wa umri fulani ana bonde kwenye paji, limechimbwa na ukanda. Ukiliona bonde hilo kila siku, si vigumu kuamini kwamba kitu kinachochimba mfupa kinaweza kukata mshipa. Mjomba, kaka yao mkubwa, alichukua panga akaukatakata ukanda ule uani mbele ya watu. Hakumtaja mama. Hakuhitaji, maana aliyeufunga alikuwa amesimama pale pale.

Basi tuliishi hivyo. Baba alifariki, ndugu zangu wakatawanyika, na miaka ya tisini ilinikuta katika mji mdogo wa Kabati, kwenye veranda ya duka la vitambaa, na cherehani yangu. Nilikuwa nashona sare za shule na majoho ya kwaya. Mama alibaki nyumbani na mbuzi wake, na punda ambaye sasa alikuwa wa tatu kushika kazi hiyo. Nilikuwa naenda kumwona kila nilipopata nafasi. Tulikuwa tunagombana kidogo, tunakunywa chai, tunalala.

Jumapili moja ya ziara hizo tuliketi pamoja kanisani. Ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo, ule wakati ambapo mtu huweza kusinzia bila dhambi. Mzee wa kanisa alikuwa anaeleza habari za mabati. Mama alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo mapajani. Nikasikia kitabu kikianguka. Nilipogeuka, alikuwa ameshika kisogo kwa mikono yote miwili na uso wake umekuwa rangi ya jivu.

"Nani amenipiga?" aliniuliza.

Nyuma yetu hakukuwa na mtu. Akatapika hapo hapo kwenye sakafu, mwanamke ambaye hata kukohoa kanisani alikuwa anaona haya. Tulimtoa nje kwenye kivuli. Alikuwa anaongea, lakini mwanga ulimuumiza macho, na shingo ilikuwa imekakamaa, hawezi kuinamisha kidevu. Mchungaji akaomba, na aliomba vizuri, sina lawama. Kisha mjomba akasogea. Alikuwa mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Alipapasa lile bonde kwenye paji la mama kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Ni ukanda," alisema. "Juzi amebeba kuni. Mpelekeni nyumbani alale, apakwe mafuta ya kondoo. Mishipa itarudi mahali pake."

Watu wakaitikia. Hata mimi nilikuwa karibu kuitikia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kilichonizuia ni mama mwenyewe. Nilimwinamia kumfunga leso, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayepokea mgeni aliyemtarajia kwa muda mrefu, "Imenifikia. Iache."

Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuupata tena. Na mimi nikiogopa huwa nakuwa mbaya. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema mama haendi kupakwa mafuta ya kondoo, anaenda hospitali, na anayetaka kunizuia aje anishike. Mjomba aliniita kichwa ngumu. Nikamwambia bora kigumu kuliko kilichopasuka. Hayo si maneno ya kumwambia mjomba, lakini ndiyo yaliyotoka. Mwumini mmoja mfanyabiashara wa mbuzi akaleta pikapu yake. Tulitandika magunia juu ya samadi ya mnada wa jana, na mama akalazwa hapo, kichwa chake mapajani mwangu, mpaka hospitali ya misheni.

Daktari wa pale hakutaka habari za paji. Alimuuliza mama kitu kimoja: maumivu yalikuja polepole au yalikuja yote mara moja?

"Yote mara moja," mama akasema. "Kama mlango umefungwa na upepo."

Daktari akamkunja kama mtoto, akamdunga sindano katikati ya mifupa ya mgongo, akaacha maji yadondoke kwenye kichupa. Maji hayo, alinieleza baadaye kule koridoni, hutakiwa kuwa meupe kama ya kunywa. Ya mama yalikuwa mekundu. Damu imevuja ndani ya kichwa, alisema. Imesimama yenyewe, kwa bahati. Ikivuja mara ya pili, wengi hawarudi. Aende Nairobi kwa madaktari wa vichwa, na aende kabla hiyo ya pili haijaja.

Nilirudi kitandani nikamweleza mama yote, sikumficha. Alisikiliza amefumba macho.

"Siendi," alisema.

"Mwaitu," nilimwita mama kwa Kikamba chetu, "daktari amesema—"

"Nimesikia vile amesema. Mimi nilimfunga mtoto wa mama yangu akafa. Sasa hii ni yangu. Mtu halipiwi deni kama hiyo na mwingine, na haikimbiwi Nairobi."

Kumbe alikuwa amelibeba deni hilo miaka yote ile. Nilikuwa nadhani ni huzuni tu, au haya mbele ya watu. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa anangoja adhabu, kila siku, akikamua mbuzi, akipalilia pojo, akinishonea shati la shule. Nililia kwa hasira pale kitandani, nikamwambia kama ni deni la Mungu, Mungu anajua njia ya Nairobi, atamkuta huko. Nikamwambia huko wanapiga picha tu kwanza, akatae kukatwa akitaka, lakini picha apigwe. Tulivutana mpaka muuguzi akanifukuza. Asubuhi gari la hospitali lilipokuwa tayari, mama akaniambia, "Picha pekee yake." Nikasema sawa, nikapanda nyuma kabla hajabadili nia.

Picha yenyewe ilimshangaza kuliko jiji lote. Hawakumgusa kichwa. Walimtia ganzi kwenye kinena, wakatoboa kidogo, wakapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, wakausukuma kutoka pajani, tumboni, kifuani, shingoni, mpaka karibu na ubongo, yeye akiwa macho. Kisha wakatia dawa na mashine ikaona mishipa yote ikiwaka. Alisema alisikia joto limemwagika nyuma ya macho.

"Kichwa iko juu, nyinyi mnaanzia mguu," alimwambia daktari baadaye, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nani aliwaonyesha hiyo njia?"

Daktari huyo alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alishikilia picha dirishani tukaiona: mishipa kama mizizi ya mti uliong'olewa, na kwenye njia panda moja, kijiuvimbe cha mviringo kama punje ya pojo. Alisema kinaitwa aneurisimu.

"Umeona tyubu ya baiskeli ikichakaa mahali pamoja?" alimuuliza mama. "Unajaza upepo, pale palipochakaa panatoa kitumbo. Ndicho hiki. Kimevuja mara moja. Nataka kufungua mfupa hapa pembeni, nifike kwenye shingo yake, nikibane na kibanio kidogo cha chuma, kisipate damu tena."

"Hapana," mama akasema.

"Mama, kikipasuka tena—"

"Nimeambiwa. Asante, mwanangu. Nipatie dawa ya maumivu nirudi kwangu. Mvua iko karibu."

Daktari alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda, na laiti chuma kingekuwa kitambaa ningekirarua. Nilijua nimebakiwa na siku chache tu za kumshawishi, pengine saa, na nilikuwa nimemaliza maneno. Daktari akaketi. Nadhani aliketi kwa uchovu tu. Akafungua kalamu na kuanza kuuliza yale maswali yao ya kawaida: anavuta sigara, ana presha, amezaa mara ngapi.

"Kuna mtu wa damu yako aliyekufa ghafla kwa kichwa?"

Mama akageukia ukuta. Nikajibu mimi: mdogo wake, mtoni. Daktari akaacha kuandika.

"Nieleze, mama."

Sijui kwa nini alimweleza. Labda kwa sababu alikuwa mtu wa kutoka mbali, hamjui mjomba, hajui mto wetu. Alieleza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuzoea kulilia. Alisema walifika mtoni asubuhi. Alisema mdogo wake alichuchumaa na mtungi, ukawa unalala upande mmoja. Akamwambia mama, "Fupisha kidogo." Mama akafungua fundo akafupisha ukanda, akauvuta kwa nguvu, akamtwika.

"Yeye ndiye aliniambia nifupishe," alisema. "Hiyo sijaambia mtu. Wangesema natupia marehemu makosa."

"Kabla ya siku hiyo alikuwa mgonjwa?" daktari akauliza.

"Hapana. Alikuwa mzima. Alikuwa anaimba." Halafu akasita. "Jicho tu."

"Jicho gani?"

"Jicho moja ilikuwa imelala. Ngozi ya juu imeshuka, haifunguki vizuri. Na kichwa kinamgonga kidogo upande huo huo. Siku kadhaa hivi. Tulikuwa tunamcheka. Tulimwambia anakonyezea wanaume."

Daktari aliweka kalamu chini. Alichora kwenye karatasi mshipa na kando yake uzi mwembamba, akasema uzi huo ni neva inayoinua kope. Kitumbo kikikua mahali fulani, alisema, kinaiegemea ile neva, na kope inashuka. Ni dalili ambayo yeye akiiona kwa mtu hatamruhusu aende nyumbani hata kuchukua nguo. Akasema tena kwamba ugonjwa huu, kwa baadhi ya watu, hutembea katika familia, dada kwa dada, mama kwa binti.

"Siwezi kuapa juu ya mtu ambaye sikumpima," alisema. "Lakini kwa vile unavyonieleza, mama, kile kitu kilikuwa ndani ya kichwa cha dada yako kabla hujashika ule ukanda. Kilikuwa kinamsukuma jicho mkimtazama. Ukanda wa paji haufiki huko. Hata ungekaza mpaka ukatike, haufiki."

"Lakini mzigo," mama akasema. "Mzigo si ndio ulipasua?"

"Kujikaza kunaweza kupandisha presha, sitakudanganya. Lakini kingepasuka hata akipiga chafya, hata akiwa amelala."

Nikaona mama anakunja midomo, anatafuta mahali pa kukataa. Namjua. Ndipo nikakumbuka kitabu kikianguka sakafuni.

"Mwaitu," nikamuuliza, "Jumapili, wewe ulikuwa umebeba nini?"

Aligeuza macho kwangu. Wodini mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Kitabu ya nyimbo," alisema.

Kisha akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha kufurahi. Alilia kama watu wanavyolia kaburini, akimwita mdogo wake kwa jina, akimwambia tulikucheka, jicho lako lilikuwa linatuambia na sisi tulikucheka. Daktari hakuondoka. Nikamshika mama miguu, kwa sababu kichwa niliogopa kukigusa. Alipotulia alijipangusa na shuka ya hospitali, akauliza kama watamnyoa nywele zote au za upande.

"Za upande," daktari akasema.

"Nyoeni zote. Sitaki kufanana na shamba limelimwa nusu."

Kabla ya kumchukua, daktari alimwambia jambo ambalo sikulisahau. Alisema ng'ambo kuna madaktari walioanza kutumia njia ile ile ya pajani, si kwa kupiga picha tu bali kwa kutibu. Wanapitisha uzi laini wa madini ndani ya ule mpira, unafika kwenye kile kitumbo, unajikunja humo tabaka kwa tabaka mpaka unakijaza, damu inakosa pa kuingia. Mfupa haufunguliwi. Bado wanajaribu na kupima, alisema, na hapa kwetu haijafika. Mama alielewa upesi, maana maisha yake yote alikuwa msukaji wa viondo, mtu wa kuzungusha uzi mpaka tundu lizibe.

"Kwa hivyo njia mnayo," alisema, "kitu ya kupeleka ndio hamna?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Fungueni huo mfupa. Lakini tafuteni hiyo uzi."

Uzi huo ulikuja kupatikana. Daktari aliniambia siku ile ile kwamba binti wa mwanamke kama huyu asingoje kuumwa, na mimi nilikuja kupimwa baada ya miaka mingi, nikaahirisha nikaahirisha kwa ile tabia yangu. Walikikuta changu, kidogo, kimya. Siku hizi wanajua mengi zaidi: vingine wanaviacha na kuvichungulia mara kwa mara, vingine wanavijaza au kuvifunika kwa ndani. Changu walikijaza kwa kupitia kinena, nikaamka na nywele zangu zote kichwani, na haukupita muda nilikuwa nyumbani nalalamika kwamba chai haina sukari. Nilikuwa nimelala kwenye meza ile nasikia joto nyuma ya macho, nikamwambia mama kimoyomoyo kwamba wameupata.

Lakini yeye alikwenda kwa njia ya zamani, kwa msumeno. Nilikaa nje kwenye benchi na begi lake mapajani. Ndani ya begi kulikuwa na kiondo alichokuwa hajamaliza. Nilijaribu kukiendeleza, nikaharibu mistari, nikafumua, nikaanza tena. Sijawahi kuwa msukaji mzuri. Siku hiyo nilisuka kana kwamba uzi ukikatika na yeye anakatika. Daktari alipotokea mlangoni amevua kofia, alisema neno moja tu, "Imebanika," nikalikumbatia lile begi.

Kupona kulikuwa kazi. Maneno yalimtoroka: kijiko alikiita jembe, mimi aliniita kwa jina la mama mdogo na kunikasirikia nilipokosa kuitika. Mkono wa kushoto ulikuwa mvivu. Nilimchukua Kabati, nikamkalisha kando ya cherehani, nikampa vifungo vya sare avichambue kwa rangi. Alivirusha. Nikaviokota nikampa tena. Tulikuwa wawili wenye shingo ngumu ndani ya veranda moja, na wateja wangu walipata sinema ya bure. Polepole mkono ukaamka, kijiko kikarudi kuwa kijiko. Nywele zilipoota zilikuwa nyeupe pe.

Tuliporudi nyumbani mjomba alikuja kumwona. Aliketi kwenye kigoda, akatazama kovu lililopinda nyuma ya sikio, akasema Mungu ni mwema. Mama akamwacha anywe uji mpaka nusu.

"Siku zile kabla hajaanguka," alimwambia, "jicho lake moja lilikuwa limelala. Unakumbuka?"

Mjomba alishusha kibuyu. Nikaona inamjia, na ilimjia vibaya.

"Nakumbuka," alisema. "Nilimcheka."

"Tulimcheka sisi sote. Haikuwa ukanda."

Alimweleza vile daktari alivyoeleza, kwa Kikamba sasa, na kwa Kikamba kulikuwa na uzito mwingine. Alipoondoka alisimama uani kidogo, pale pale alipokatia ule ukanda zamani, kisha akashika njia yake. Uji hakuumaliza.

Siku moja kabla sijarudi Kabati, punda alikuwa ameumia kwato, na maji yalikuwa yamekwisha. Nilichukua jerikeni na ukanda. Mama akachukua bakora yake akanifuata. Nilimkumbusha kwamba ameambiwa asibebe chochote. Alisema kutembea si kubeba.

Mtoni kulikuwa na wanawake upande wa juu, wakaacha kuongea walipomwona. Nilichimba, nikateka, nikajaza. Nilifunga ukanda, kisha kwa mazoea nikaanza kutafuta mwamba wa kuwekea jerikeni nipate kuinuka peke yangu.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Kwa mwamba."

"Chuchumaa hapa."

Nilichuchumaa. Nilisikia bakora ikiwekwa mchangani. Nilisikia anapumua nyuma yangu. Alinivalisha ukanda kwenye paji, akausawazisha kwa vidole baridi. Akashika jerikeni, akaliinua kidogo kujaribu. Lilikuwa linalala upande mmoja. Yeye aliliona na mimi nililisikia mgongoni. Ningeweza kuinuka nalo hivyo hivyo. Nimewahi kubeba vibaya kuliko hapo. Lakini nilikuwa nimemtoa Mutomo na kumpeleka Nairobi na kumrudisha, na sikutaka kumwacha njiani.

"Fupisha kidogo, Mwaitu," nilisema.

Wale wanawake wa juu walikuwa wamesimama wima, kata mikononi. Kisha nikasikia fundo likifunguliwa, ukanda ukivutwa, fundo likifungwa tena kwa nguvu, kwa ule mkazo wa mtu anayejua kazi.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Akaweka bega chini ya jerikeni akaniinua. Nikapanda ukingo wote bila kusimama na bila kuguna, kwa sababu nilijua ananitazama. Nilipofika juu kwenye njia niligeuka mwili mzima, kama tunavyogeuka tukiwa na mzigo, ili anione uso. Alikuwa bado pale chini, mikono yake hewani mbele yake, kama alivyoiacha. Halafu mmoja wa wale wanawake akateremka na mtungi wake, akachuchumaa karibu naye, akampa mgongo.

"Nitwike na mimi," alimwambia.